Kutoka tumbili wa Uganda mpaka popo wa Kitaka: kisa cha kutafuta chimbuko la kirusi cha Marburg

Kisa hiki nakipenda kukifundishia kwasababu kinaonyesha kazi yote ya kutafuta kirusi kipya kimetoka wapi, kuanzia mtu wa kwanza kuugua mpaka mnyama anayekifuga, yani mwenyeji wake, na kinaonyesha pia watu walifanya nini baada ya kumjua huyo mnyama, na hapo ndo pananiuma kuliko kwingine kote. Majina, umri na vijiji vya wagonjwa nimeviacha nje. Mgodi wenyewe, Kitaka wa Uganda, nautaja kwasababu umeshaandikwa sana, na bila kuutaja kisa hakieleweki.

Usuli: miaka arobaini ya kumtafuta mwenyeji

Agosti 1967 wafanyakazi wa kiwanda cha chanjo kwenye mji wa Marburg, Ujerumani, walianza kuugua homa kali, kuumwa kichwa, kutapika na kuharisha, alafu baadhi wakaanza kuvuja damu. Wengine wakaugua Frankfurt, wengine Belgrade kule Yugoslavia ya wakati huo. Jumla walikuwa watu 31, na 7 wakafariki. Walioanza kuugua wote walikuwa wameshika damu, viungo au seli za tumbili walioletwa kutoka Uganda, maana figo za tumbili ndo zilikuwa zinatumika kuoteshea virusi vya kutengenezea chanjo ya polio. Waliofuata walikuwa wauguzi, madaktari na ndugu waliowahudumia. Kwa haraka ya ajabu kwa zama zile, ndani ya miezi michache tu, kirusi kikaonekana kwenye darubini ya elektroni, chenye umbo refu la uzi, na hakikufanana na kirusi chochote kilichojulikana.

Sasa watu wengi wakaishia hapo: kimetoka kwa tumbili. Na ni kweli, waliougua walikipata kwa tumbili, ila hilo ni jibu la swali lingine. Tumbili waliodungwa kirusi kile maabara walikufa. Mnyama anayekitunza kirusi kizazi hadi kizazi hawezi kuwa yule anayekufa kila akikipata, kwasababu akifa na kirusi nacho kinaishia pale pale. Kwa hiyo tumbili nao walikuwa wahanga tu, walikipata mahali, na swali likabaki ni wapi.

Tangu hapo kirusi kikawa kinajitokeza na kupotea. 1975 kijana aliyekuwa akisafiri kwa kuomba lifti kupita Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alifia Johannesburg, na mwenzake wa safari pamoja na muuguzi mmoja wakaambukizwa wakapona. 1980 mtu aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alifia Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaugua akapona. 1987 kijana mwingine mgeni akafa, Kenya hiyo hiyo. Hao wawili wa Kenya walikuwa na kitu kimoja kinachofanana: wote walikuwa wameingia pango la Kitum, Mlima Elgon, lile ambalo tembo wanaingia usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Watafiti wakaenda Kitum, wakapima wanyama, ndege na wadudu wa aina nyingi, hawakupata kirusi kwenye sampuli hata moja.

Kilichobadilisha mawazo ni Durba, kaskazini mashariki mwa Congo. Kati ya 1998 na 2000 waliugua watu 154 na wakafa 128. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji wa dhahabu, na wengi wao walikuwa wanaingia mgodi mmoja wa chini kwa chini unaoitwa Goroumbwa. Wanasayansi wakasoma vinasaba vya virusi vya wagonjwa wakategemea kukuta ukoo mmoja, kama ugonjwa uliingia mara moja ukasambaa mtu kwa mtu. Wakakuta koo 9 au zaidi. Yani kirusi kilikuwa kinaingia kwa binadamu tena na tena kutoka kwenye chanzo kile kile, kila mara mchimbaji mwingine, kila mara kipande kingine cha ukoo. Alafu mgodi ukajaa maji, watu wakashindwa kuingia, mlipuko ukaisha. Hapo mtu yeyote mwenye macho alianza kuuliza ndani ya mgodi kuna nini. Kulikuwa na popo, wengi sana, na baadae vipande vya vinasaba vya Marburg vilikutwa kwa popo wa Goroumbwa. Ila kirusi hai hakuna aliyekipata, na bila kirusi hai bado kulikuwa na nafasi ya kusema labda popo nae kakipata kwa mwingine, kama tumbili.

Hiyo ndo hali ilivyokuwa mpaka katikati ya 2007.

Nini kilitokea Kitaka

Kitaka ni mgodi wa risasi na dhahabu magharibi mwa Uganda, upande wa Ibanda. Ni mahandaki yaliyochimbwa na watu, na ndani yake popo wa matunda, wale wakubwa wenye macho makubwa ambao wanasayansi wanawaita Rousettus aegyptiacus, walikuwa wamejazana ukutani na darini bega kwa bega. Wachimbaji walikuwa wanapita chini yao kila siku, kinyesi kinadondoka kichwani na mabegani, sakafu ni tope la kinyesi, na ukipiga ukuta kundi zima linaruka likitafuta mlango na kukupamia usoni.

Mwishoni mwa Juni mchimbaji mmoja akaugua, mwenzake akamuuguza, na huyo aliyemuuguza nae akashikwa, na Julai akafariki. Vipimo vikasema Marburg. Mchimbaji mwingine aliyekuwa karibu nao nae akaugua. Alafu Septemba, wakati watu wameanza kupumua, mchimbaji wa nne akaugua. Jumla wagonjwa wanne, kifo kimoja. Kwa hesabu ya milipuko hii ni midogo sana, ukilinganisha na Uíge kule Angola mwaka 2004 na 2005 ambako walikufa watu 227 kati ya 252. Ila udogo wake ndo ulikuwa na faida kubwa. Uíge ilikuwa hospitali imejaa, watu wanaambukizana wao kwa wao, na mgonjwa wa kwanza ameshapotea kwenye kelele. Kitaka kulikuwa na wagonjwa wachache, wanajulikana, wote wamepita mlango mmoja wa mgodi mmoja.

Mgodi ukafungwa. Mwezi Agosti timu ikawa imeshafika: watu wa Wizara ya Afya ya Uganda na taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, CDC, ile taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Afrika Kusini na Shirika la Afya Duniani. Wakaingia wakiwa wamevaa kuanzia utosini mpaka kwenye mabuti, glovu mbili mbili, kipumulio, na joto la mle ndani si la mchezo. Popo walinaswa kwa nyavu za mkono na mitego inayowekwa kwenye njia yao ya kutokea. Kila popo akapewa namba, akapimwa, akatolewa damu, na kipande cha ini na bandama, sampuli zikagandishwa.

Matokeo yalikuwa haya. Popo 611 wa aina ile walipimwa, 31 wakakutwa na vinasaba vya kirusi cha Marburg, sawa na asilimia 5.1. Baadhi ya popo walikuwa na kingamwili kwenye damu, ushahidi kwamba walishawahi kuambukizwa na wakaishi. Na kile ambacho hakuna aliyewahi kukipata tangu 1967 kikapatikana: kirusi hai kikaoteshwa maabara kutoka kwenye tishu za popo watano ambao kwa kuwaangalia tu walikuwa wazima.

Watu huwa wananiuliza hawa popo walihesabiwaje, maana huwezi kusimama pangoni ukahesabu moja mbili tatu. Unakamata kadhaa, unawavisha alama yenye namba, unawaachia. Ukirudi unakamata tena unaangalia kati ya uliowakamata wangapi wana alama. Tuseme uliweka alama popo 100, ukarudi ukakamata 100 ukakuta mwenye alama ni mmoja tu, basi kundi linakaribia 10,000. Kitaka walipofanya hivo walipata zaidi ya popo 100,000. Sasa zidisha kwa ile asilimia 5: ni zaidi ya popo 5,000 wenye kirusi kwa wakati mmoja, ndani ya mgodi ambao watu wanaingia na nyundo na taa za kichwani.

Maamuzi, na kwanini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza wa maana ulikuwa kwenda mapema. Kitum wataalamu walifika muda mrefu baada ya mgonjwa kufa, na Durba utafiti wa popo ulifanyika kirusi kikiwa kimeshawapitia watu wengi na kwa miaka. Kitaka sampuli za kwanza za popo zilichukuliwa ndani ya wiki chache tangu mgonjwa wa kwanza, kwa hiyo ungeweza kulinganisha kirusi cha mchimbaji na kirusi cha popo wa mgodi huo huo wa msimu huo huo.

Wa pili, na mimi naona ndo ulioibeba kazi yote, ni kurudi. Timu ilirudi mwaka uliofuata, karibu miezi 9 baadae, wakakamata popo upya. Kwanini? Kwasababu kumkuta mnyama na kirusi siku moja kunakuambia ameambukizwa siku hiyo, hakukuambii kwamba yeye ndo anayekifuga. Kama popo wangekuwa wahanga kama tumbili, kirusi kingepita kwenye kundi, kingeua au kingeisha, na ukirudi baada ya miezi 9 usingekikuta. Walikikuta, na popo wamejaa vile vile, hawafi. Hapo hoja ya "labda na popo wamekipata kwa mwingine" ikabaki haina miguu.

Wa tatu ni kung'ang'ania kirusi hai. PCR ni kipimo kizuri, chepesi, kinakuambia kipande cha kirusi kipo. Ila kipande si kirusi. Mnyama anaweza kuwa na mabaki tu. Kuotesha kirusi hai cha aina hii ni kazi ya maabara yenye ulinzi wa juu kabisa, zinahesabika duniani, na sampuli ikipoteza baridi njiani umekosa. Walilipa gharama hiyo na ndo maana leo hakuna anayebishana.

Kuna uamuzi mwingine ambao wanafunzi huwa wanaupinga, nao ni kuua popo mia kadhaa kwa ajili ya ini na bandama. Naelewa pingamizi lao. Ila kwa wakati ule, mate na damu peke yake visingetosha kuonyesha kirusi kinakaa wapi mwilini, na mia kadhaa kati ya laki moja haikutikisa kundi. Tunza hiyo tofauti ya idadi kichwani maana tunaelekea sehemu ambayo haikufuata hesabu hiyo.

Uamuzi wa nne haukufanywa na wanasayansi. Mgodi ulifungwa lakini risasi na dhahabu zilibaki ardhini, na familia zilibaki na njaa ile ile. Habari kwamba popo ndo wenye ugonjwa ikafika kijijini, na kwa mtu aliyefungiwa mgodi ikawa na maana moja tu: popo wakiisha, mgodi unafunguliwa. Mwaka 2008 matundu ya mgodi yakazibwa kwa matete na nyavu za kuvulia samaki, popo wakitoka jioni wananasa, wanauawa. Waliofika baadae walikuta marundo ya popo waliokufa yametupwa msituni na mgodi ukiwa mtupu.

Siwalaumu wale wachimbaji hata kidogo. Waliletewa nusu ya habari. Waliambiwa nani ana kirusi, hawakupewa njia nyingine ya kula wala njia ya kuchimba bila kuguswa na kinyesi, na kwa mantiki ya kawaida kabisa wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya kwa panya ndani ya ghala lake la mahindi.

Matokeo

Kwa upande wa sayansi matokeo yalitoka 2009 na swali la 1967 likafungwa: popo wa matunda wa mapangoni ni mwenyeji wa asili wa kirusi cha Marburg. Virusi vya popo na virusi vya wachimbaji vilifanana kwa karibu sana. Na vile vya Julai na cha Septemba vilikuwa vya koo tofauti, kwa hiyo wachimbaji hawakuambukizana wote mnyororo mmoja, mgodi uliwafikia zaidi ya mara moja, picha ile ile ya Durba. Ndani ya mgodi mmoja kulikuwa na matawi ya kirusi yanayokaribia kuwa tofauti kama yote yaliyowahi kuonekana Afrika nzima, likiwemo tawi lile la kijana wa Mlima Elgon wa 1987. Na Kitum nako kukajibika: popo jike mwenye mimba aliyekamatwa pango hilo Julai 2007 alikutwa na kirusi. Kwa hiyo kilikuwepo, ni kwamba ukipima popo wachache wakati ni asilimia chache tu wenye kirusi, utakikosa, na miaka ya themanini vipimo nyeti vya leo havikuwepo.

Wakati huo huo pango jingine likaingia kwenye habari. Pango la Chatu, ndani ya msitu wa Maramagambo kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, kama kilomita 50 kutoka Kitaka, linaitwa hivo kwasababu chatu wanaishi humo wakila popo. Mtalii kutoka Marekani aliingia mwishoni mwa 2007, akaugua alivyorudi kwao, akapona bila kujulikana anaumwa nini. Julai 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliyeingia pango hilo hilo akafariki, na ndipo yule wa kwanza aliposikia akaomba apimwe upya, akakutwa aliugua Marburg. Hawa hawakuchimba wala hawakulala humo. Waliingia kwa muda mfupi.

Pango la Chatu likawa shule ya pili. Popo wake, kama 40,000, hawakuuawa kwa wingi, walifuatiliwa kwa miezi mingi, na hapo ndo ikaonekana kitu ambacho Kitaka peke yake isingeonyesha: kirusi kinapanda mara mbili kwa mwaka. Kinapanda kwa popo wadogo wa miezi kama sita, wale walioishiwa kinga ya mama na wanafukuzwa na wakubwa wakalale pembeni karibu na mlango, chini, kwenye kinyesi. Takriban katikati ya Juni mpaka katikati ya Septemba, na katikati ya Disemba mpaka katikati ya Machi. Ukichukua milipuko ya zamani yenye tarehe zinazojulikana, zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi kutoka kwa popo yameangukia kwenye vipindi hivyo. Angalia Kitaka: Julai na Septemba. Mtalii wa Marekani, Disemba. Yule wa Uholanzi, ndani ya kipindi cha katikati ya mwaka.

Na Kitaka baada ya popo kuuawa? Oktoba 2012 ukazuka mlipuko wa Marburg ukigusa Ibanda, Kabale, Mbarara mpaka Kampala, kesi 15 zikathibitishwa maabara, mkubwa kuliko yote Uganda ilikuwa imewahi kuona. Timu ikarudi Kitaka mwezi uliofuata. Popo walikuwa wamerudi, kundi dogo, kati ya asilimia 1 na 5 ya lile la zamani. Wakapimwa popo 400, na waliokuwa na kirusi walikuwa asilimia 13.3, zaidi ya mara mbili ya kabla ya kuuawa. Virusi vyao vilifanana na vya wagonjwa wa 2012.

Uchambuzi: kwanini mauaji yaligeuka

Hapa nakaa kidogo kwasababu watu wengi bado wanaamini suluhisho ni moto na sumu.

Kwenye kundi la popo 100,000 waliokaa pamoja muda mrefu, popo wengi wakubwa wameshapata kirusi wakiwa wadogo na wana kinga. Wanaobeba kirusi kwa wakati wowote ni wachache, na wengi wao ni watoto wa msimu. Popo mwenye kinga anafanya kazi ya ukuta, kirusi kikimfikia kinaishia hapo. Ukiua kundi lote umebomoa ukuta. Pango zuri halikai tupu, popo wa matunda wanahama kati ya mapango na alama zilizofungwa kwenye popo wa Kitaka na Pango la Chatu zilithibitisha wanatembeleana. Kwa hiyo wanaingia wageni, wengi wadogo, wengi hawajawahi kukutana na kirusi, wanabanana sehemu moja, na kirusi kinapata miili mipya mingi kwa mpigo. Watafiti waliorudi 2012 ndivyo walivyoeleza, na takwimu zao zinakwenda sambamba na maelezo hayo. Tena wakati wa mauaji yenyewe mtu anashika popo kwa mikono, damu na mkojo vinamrukia, ni hatari kuliko kupita tu chini yao.

Kingine ambacho hakizungumzwi vya kutosha: popo hawa ndo wanaochavusha na kusambaza mbegu za miti mingi ya matunda na ya msituni. Hasara ya kuwamaliza haiishii pangoni.

Kilichofanya kazi

Ushahidi wa aina tatu kusimama pamoja. Vinasaba vya kirusi kwa popo, kingamwili kwa popo, kirusi hai kwa popo, alafu juu yake kufanana na virusi vya wagonjwa na kurudiwa baada ya muda. Ukiondoa mmoja hoja inalegea. Siku hizi kila kirusi kipya kikitokea utasikia ndani ya wiki mtu anatangaza mnyama fulani ndo chanzo kwa sababu kipande cha vinasaba kimefanana, na mimi huwa nawaambia wanafunzi wakipime kwa kipimo cha Kitaka: kirusi hai kipo? Mnyama anaishi nacho bila kufa? Ulirudi ukakikuta tena? Mgonjwa alikutana nae wapi? Baadae hata maabara ilithibitisha, popo wa aina hii waliozaliwa kwenye mabanda bila kirusi walipoambukizwa hawakuugua, wakatoa kirusi kwenye mate, na wakaambukizana wenyewe kwa wenyewe.

Pia ushirikiano wa taasisi za Uganda na za nje ulikuwa wa kweli, maabara ya Entebbe ilikuwa na watu wanaojua eneo na leo ndo inayopima sampuli za homa hizi bila kusubiri ndege kwenda Ulaya.

Na kumjua mwenyeji kuliwezesha kutafuta kabla ya mtu kuugua. Sierra Leone mwaka 2018 walitangaza wamekikuta kirusi cha Marburg kwa popo hawa hawa, hakuna mgonjwa hata mmoja Afrika Magharibi wakati huo. 2021 Guinea jirani ikapata mgonjwa wake wa kwanza, na wataalamu wa ukanda ule walishajua kuna kitu.

Kilichoshindikana

Habari ilifika kwa wachimbaji ikiwa haina maelekezo. Ripoti za kisayansi zilikuwa nzuri sana, ila kati ya kufunga mgodi na mauaji ya popo kulikuwa na miezi ambayo mtu mmoja anayeaminika pale kijijini angekaa na wachimbaji akawaeleza kwanini kuua kunaongeza hatari, na akakubaliana nao nini kifanyike. Kufunga mgodi bila mbadala wa kipato ni kuahirisha tu, mchimbaji atarudi usiku.

Hata maelezo kwamba kuna vipindi viwili vya hatari kwa mwaka, ambayo kwa mchimbaji ni habari ya thamani kubwa kuliko jina la kirusi, yalikaa kwenye majarida. Pango la Chatu lilifungwa kwa watalii na baadae likajengwa banda la kuangalizia, mtu anawaona popo na chatu kwa mbali bila kuingia. Vizuri sana. Mtalii alijengewa banda. Kwa wachimbaji wa Kitaka sijaona kitu cha uzito huo, na hili nalisema kwa uchungu kwasababu kati ya mtalii na mchimbaji anayekaa humo kutwa nzima ni yupi aliye hatarini zaidi?

Ukanda wetu umeendelea kupigwa. Bukoba vijijini, Kagera, Machi 2023, wagonjwa 9 na vifo 6. Januari 2025 Kagera tena, upande wa Biharamulo. Rwanda, Septemba 2024, wagonjwa 66 na vifo 15, wengi wao wahudumu wa afya, na mnyororo ukafuatiliwa mpaka kwa mchimbaji mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wenye popo wa matunda. Rwanda ilichukua wiki kadhaa kufika mlangoni mwa mgodi, wakati Marburg ilichukua miaka arobaini, na kasi hiyo imetokana moja kwa moja na Kitaka. Vinasaba vilionyesha kirusi kiliingia kwa binadamu mara moja tu alafu kikasambaa hospitalini, kwa hiyo nguvu ikaelekezwa kwenye wodi na wahudumu, na mlipuko ukatangazwa umeisha Disemba.

Kwa anayesimamia machimbo yenye popo, kwa sasa maelekezo ninayotoa ni haya: sehemu wanayolala popo na njia ya kupita watu zisiwe moja pale inapowezekana, kofia, glovu, mikono mirefu na kitu cha kuziba pua na mdomo muda wote ndani, maji na sabuni nje kabla ya kushika chakula, hakuna kula mgodini wala kula tunda lililotafunwa na popo, na ile miezi ya katikati ya mwaka na ya Disemba mpaka Machi kazi ihamie mashimo yasiyo na popo. Mchimbaji akipata homa ghafla asiuguzwe kambini na wenzake, apelekwe kituoni na aseme wazi kwamba anafanya kazi kwenye mgodi wenye popo, maana muuguzi asiyeambiwa hilo atatibu malaria.